MAJINA YASIYO NA JIWE

(Haya ni maneno yaliyosomwa na mwanachama mmoja wa genge la njia ya reli katika mkutano wa tawi la Nakuru. Wanachama waliomba yapigwe chapa ili wale waliokuwa zamu nao wapate kuyasoma.)



Nashukuru kwa kupewa nafasi hii. Katibu aliniambia niseme kwa muda mfupi juu ya jambo lolote lenye faida kwa wafanya kazi. Najua wengine walidhani nitasema habari ya ovataimu, au habari ya viatu na makoti ya mvua. Mambo hayo ni ya kweli, nayo yana siku yake. Lakini leo nataka kusema juu ya mawe ya ukumbusho wa vita, yaani mawe yaliyoandikwa majina ya watu waliokufa. Msinicheke. Mkinisikiliza mpaka mwisho mtaona kwamba jambo hili ni la chama kabisa, maana ni habari ya kazi, ya mshahara, na ya daftari la majina.

Kila mmoja wetu hapa ajua maana ya daftari. Mtu aweza kupiga nyundo tangu asubuhi mpaka jioni, abebe mataruma mpaka bega litoke ngozi, lakini kama jina lake halikuandikwa katika daftari la mnyapara, mwisho wa mwezi hana kitu. Kazi ameifanya, jasho limemtoka, lakini kwa karatasi yeye hayupo. Basi jiwe la ukumbusho ni daftari pia. Ni daftari la wale ambao hawawezi tena kujisemea.

Nianze na jiwe lililo karibu. Wengi wenu mmepita katika barabara ile ya zamani iteremkayo ukingoni kutoka upande wa Limuru kwenda Mai Mahiu na Naivasha. Chini ya mteremko, kando ya barabara, liko kanisa dogo sana la mawe. Watu wachache tu wakiingia limejaa. Madereva wa malori husimama hapo wakapoza breki, na wengine huingia wakaomba. Kanisa hilo lilijengwa katika mwaka wa 1942, nalo lilijengwa na wafungwa wa vita Wataliano.

Walifikaje huko? Katika Vita vya Pili vya Dunia, Italia ilikuwa imeishika Uhabeshi. Katika mwaka wa 1941 majeshi ya Uingereza, pamoja na askari wengi wa Afrika Mashariki na wa Afrika Magharibi, yaliwashinda Wataliano huko. Makumi ya maelfu ya mateka wakaletwa katika nchi zetu, wakatiwa kambini. Serikali ya wakati ule ikawatoa wengine kwenda kujenga barabara, na barabara hiyo ya mteremko wa Mai Mahiu ni kazi ya mikono yao. Nao walipokuwa wakiijenga, wakajenga na kanisa lao.

Siku moja nilipokuwa na ruhusa nilishuka pale nikaliangalia jengo lile kwa macho ya mtu wa kazi. Nilitazama jinsi mawe yalivyokaa, nikaona kwamba aliyeyapanga alikuwa fundi, wala hakuwa na haraka. Nikajiuliza: watu hawa walikuwa wafungwa, tena maadui wa waliowashika, wako mbali na kwao, hawajui watarudi lini. Walipata wapi moyo wa kujenga? Nadhani walitaka apitaye kesho ajue kwamba hapa palikuwa na watu, na watu hao walikuwa na Mungu wao na ufundi wao. Na kweli, mpaka leo kila apitaye huuliza, na kila aulizaye huambiwa: Wataliano walijenga. Wamekwisha kumbukwa.

Hata maiti zao hazikutupwa. Kule Nyeri liko kanisa lingine, kubwa zaidi, lililojengwa katika mwaka wa 1952, na ndani yake imekusanywa mifupa ya askari wa Italia zaidi ya 600 waliokufa katika nchi hizi. Mkubwa wao, Duke of Aosta, aliyekufa Nairobi katika Machi 1942 akiwa mfungwa, alizikwa Nyeri pia, naye yumo pamoja na askari wake. Hao, ndugu zangu, ndio walioshindwa.

Sasa tupande reli kidogo tufike Gilgil. Huko yako makaburi ya vita yanayotunzwa na ile tume iliyoanzishwa na Waingereza katika mwaka wa 1917 kwa ajili ya kutunza makaburi ya askari wao. Hapa Nakuru pia, katika makaburi ya upande wa kaskazini, yapo mawe ya tume hiyo. Nyasi hukatwa, mawe husimama kwa mstari kama mataruma yaliyolazwa na genge lenye mnyapara mkali. Tume hiyo ilijiwekea kanuni moja nzuri sana, nayo ni hii: kila aliyekufa aandikwe jina lake, na jiwe la mkubwa lisipite jiwe la mdogo. Jenerali na kuruta wawe sawa. Mimi kama mtu wa chama naipenda kanuni hiyo. Ingeweza kuandikwa na sisi.

Lakini haikufuatwa kwa watu wote. Na hapo ndipo nataka mnisikilize vizuri.

Vita vya Kwanza vilianza katika Agosti 1914. Waingereza walikuwa hapa, Wajerumani walikuwa Tanganyika. Upande wa Voi ilijengwa reli ya vita kwenda Maktau na Taveta. Lakini mbele ya hapo, katika misitu na mabonde ya Tanganyika, hakuna reli, motokaa zilikwama kwa matope, na ng'ombe na farasi walikufa kwa ndorobo. Basi mzigo wa jeshi ukawekwa juu ya kichwa cha mtu. Unga, risasi, dawa, hema, hata vipande vya mizinga, vyote vilikwenda kwa kichwa cha mpagazi. Ndiyo iliyoitwa Carrier Corps, na jina hilo wazee wetu walilitamka Kariakoo. Mtaa wa Kariokor kule Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam yameitwa kwa ajili yao. Watu hununua vitunguu na vyondo pale kila siku, wala hawajui kwamba wanataja jina la jeshi la wapagazi.

Watu hao walipatikanaje? Wachache walikwenda kwa hiari. Wengi walishikwa. Katika mwaka wa 1915 ilitungwa sheria ya kuwapa maafisa na machifu uwezo wa kuwachukua watu kwa nguvu, na mshahara ukapunguzwa ukawa rupia 5 kwa mwezi. Katika mwaka wa 1917 ukafanywa msako mkubwa kuliko yote, wilaya kwa wilaya. Wale wa Nyanza na wa magharibi walipakiwa katika treni za Kisumu. Ndugu zangu, njia ilikuwa moja tu. Treni hizo zilipita hapa hapa Nakuru, zikapanda Gilgil, zikapita Naivasha, zikapanda Kijabe. Mimi na wenzangu wa genge twatengeneza njia ile ile waliyopita. Wengi wao walipita mara moja tu, wala treni ya kurudi hawakuipanda.

Baba yake babu yangu alikuwa mmoja wao. Alichukuliwa kwetu Maragoli akiwa kijana mwenye mke na mtoto mmoja. Mtoto huyo ndiye babu yangu. Hakuna barua iliyokuja, hakuna aliyekuja kusema amefia wapi. Nyumbani walingoja miaka, kisha wakaacha kungoja. Najua kwamba katika mkutano huu wapo wengine wenye habari kama hiyo, Mkikuyu, Mkamba, Mkipsigis, Mjaluo, Mkisii, Mtaita. Makabila mengi yaliguswa.

Walikufa kwa nini? Risasi iliua wachache. Walikufa kwa kuhara damu, kwa homa, kwa kichomi, na kwa njaa. Mtu aliyezoea ndizi au wimbi na viazi alipewa unga wa mahindi, na hana sufuria ya kutosha, wala kuni kavu, wala nafasi ya kuupika ukaiva, maana ni lazima safari. Tumbo likaharibika. Akalala katika mvua bila blanketi la pili. Asubuhi akatwikwa mzigo wa ratli 50 tena. Wazee walisema kweli: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aliyekaa ofisini akihesabu mizigo hakusikia uzito wake. Wanahistoria wengi wasema kwamba wapagazi wapatao 45,000 kutoka nchi yetu peke yake walikufa. Fikirini hesabu hiyo. Jazeni uwanja wa Afraha mpaka watu wasimame, bado hamjaimaliza.

Vita vilipokwisha katika mwaka wa 1918, ilibaki kazi ya kuzika, kulipa na kukumbuka. Askari Wazungu waliotoka vitani walipewa mashamba kwa mpango wa mwaka wa 1919, na baadhi ya mashamba hayo yalikatwa katika nchi ya Wanandi. Mpagazi aliyerudi akapewa kipande cha kuvaa shingoni. Wale waliokufa walikuwa na mishahara yao iliyobaki serikalini. Jamaa zao hawakujulikana, maana majina yaliandikwa vibaya, au kijiji hakikuandikwa, basi fedha nyingi hazikupata mwenyewe. Wamisionari na baadhi ya maafisa, pamoja na Bwana Watkins aliyekuwa mkubwa wa wapagazi, walidai kwamba fedha hizo zitumiwe kwa faida ya Waafrika. Walidai miaka mingi. Serikali ya Uingereza ilikataa. Asante ya punda ni mateke.

Mwaona sasa kwa nini nilianza na daftari? Jina likikosewa katika daftari, mjane hakulipwa. Na jina lilelile likikosekana katika daftari, jiwe halikuandikwa. Ni kosa moja lenye matunda mawili.

Na makaburi je? Ile kanuni nzuri ya kila mtu na jina lake haikupelekwa kwa wapagazi. Wakubwa waliamua kwamba wapagazi na askari wengi wa Kiafrika watakumbukwa kwa jumla, na makaburi ya wapagazi yaliachwa yarudi porini. Badala ya majina zikasimamishwa sanamu tatu: moja Nairobi, moja Mombasa, moja Dar es Salaam, katika miaka ya 1927 na 1928. Ile ya Nairobi mwaiona katika Kenyatta Avenue. Watu watatu wa shaba, na mmoja wao ni mpagazi. Maandishi yake, ambayo yako kwa Kiswahili pia, yaahidi kwamba anayekufa hatasahauliwa jina na wanawe. Ni ahadi njema. Lakini uzungukeni mguu wa sanamu ile pande zote, mtafute jina moja tu la mpagazi. Halipo.

Hayo hayasemwi na mimi tu mtu wa nyundo. Katika Aprili 2021 tume yenyewe ilitoa taarifa iliyokubali kwamba watu wasiopungua 116,000, na labda mpaka 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza akasimama katika bunge lao akaomba radhi. Katika mwaka wa 2023 Mfalme Charles alifika kwenye makaburi ya Kariokor, Nairobi, akakutana na askari wetu wazee wa Vita vya Pili na kuwapa medali badala ya zile walizokuwa hawana tena. Twasema ahsante kwa kuomba radhi. Lakini radhi bila jina ni kama ahadi ya nyongeza bila tarehe. Wanachama mwazijua ahadi za namna hiyo.

Sasa nataka kujibu maneno mawili niliyoyasikia nilipowatajia baadhi yenu jambo hili.

Neno la kwanza: vita ile haikuwa yetu, ilikuwa ya Wazungu wawili wakigombea nyumba ya mtu wa tatu. Kwa nini tuwaheshimu waliomsaidia mkoloni? Mimi nakubali kwamba vita haikuwa yetu. Na kwa sababu hiyo mimi sisemi tuisifu vita. Nasema tumkumbuke mfanya kazi. Mtu aliyeshikwa usiku akatwikwa mzigo hakumsaidia mkoloni kwa hiari yake, alidhulumiwa. Tukimnyima kumbukumbu kwa sababu aliyemdhulumu alikuwa mbaya, tutakuwa tumemwongezea dhuluma ya pili, na hii itakuwa mikononi mwetu wenyewe. Wataliano wa Mai Mahiu nao walitumwa na serikali mbaya, lakini watu wao hawakuwatupa.

Neno la pili: majina yamekwisha potea, tutaandika nini? Hapo nitawapeleka Afrika ya Kusini. Katika mji wa Cape Town, Januari 2025, ulifunguliwa ukumbusho wa watu weusi wa kikosi cha kazi waliokufa katika Vita vya Kwanza, ambao hawakuwa na kaburi wala jina popote. Wametafutwa katika makaratasi, wakapatikana 1,772. Kila mmoja amesimamishiwa nguzo yake ya mti, na jina lake limeandikwa juu yake. Ilipita zaidi ya miaka mia moja, na bado yalipatikana. Basi tusiseme yamepotea kabla ya kuyatafuta.

Tena, ndugu zangu, jambo hili si la zamani tu. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, katika mvua kubwa za mwaka ule, maji yalishuka kutoka upande wa Old Kijabe yakaifagia Mai Mahiu. Serikali ilieleza kwamba mfereji upitao chini ya tuta la reli ulikuwa umezibwa na miti na matope, maji yakajikusanya nyuma ya tuta, kisha yakalipasua. Watu zaidi ya 40 walikufa, wengine wakiwa vitandani, watoto pamoja na wazazi. Mimi ni mtu wa njia, najua maana ya mfereji ulioziba. Sisemi leo nani wa kulaumiwa, sina cheo hicho. Nasema hivi: si mbali sana na kanisa lile la Wataliano walikufa watu wetu wengi kwa usiku mmoja. Miaka mia ijayo, je, apitaye pale ataambiwa majina ya nani? Au itakuwa tena hesabu tu, kama hesabu ya magunia?

Katika shule ya misheni tulifundishwa habari za Yoshua, jinsi alivyowaamuru watu wachukue mawe kumi na mawili kutoka mtoni wayasimamishe, kusudi watoto wa baadaye wayaone na kuuliza. Mwalimu wetu alisema jiwe lenyewe halina kazi kubwa. Kazi yake ni kumfanya mtoto aulize, na kazi ya mzee ni kuwa na jibu. Hapa Nakuru tuna hospitali iitwayo War Memorial, yaani ukumbusho wa vita. Twalitaja jina hilo kwa kondakta wa matatu kila siku. Ni mtoto gani aliyetuuliza ni vita gani, na ni nani kati yetu aliyekuwa na jibu?

Ndugu Mwenyekiti, sikuja kulia tu. Naleta mashauri matatu, na naomba yapigiwe kura.

Shauri la kwanza. Liwekwe daftari moja katika ofisi ya tawi. Kila mwanachama akienda likizo amwulize mzee wa kwao: katika jamaa yetu ni nani aliyekwenda Kariakoo asirudi, au aliyekwenda Bama na Uhabeshi katika vita vya pili? Aandike jina, jina la baba yake, kijiji, na habari yoyote ya mahali alikofia. Wazee waliosikia habari hizi kwa masikio yao kutoka kwa wajane wenyewe wanakwisha. Kila mwezi twachanga kwa mazishi ya mmoja wao. Tukikawia tutabaki na daftari tupu.

Shauri la pili. Majina yakipatikana, kila mmoja ayapeleke katika kanisa au msikiti wa kijiji chake, aombe nafasi ndogo uwanjani ya kusimamisha jiwe. Haihitaji shaba. Saruji, mchanga, na fundi mwenye mkono mzuri wa kuchora herufi vyatosha. Wafungwa waliweza, sisi tulio huru tutashindwaje? Nimesikia wengine wakihofu kwamba tutaugusa mfuko wa mazishi. Hapana. Mfuko wa walio hai usiguswe hata senti. Naomba mchango wa hiari wa shilingi 50 tu kwa kila mtu, kwa ajili ya majiwe ya kwanza. Haba na haba hujaza kibaba.

Shauri la tatu. Katibu aandike barua kwa Makumbusho ya Taifa na kwa ile tume ya makaburi, apeleke nakala ya majina yetu, na kuomba kwamba ukumbusho wowote wa wapagazi utakaojengwa katika nchi hii uandikwe majina, wala usiwe sanamu tu. Tena aombe kwamba ubao mmoja uwekwe katika stesheni ya Nakuru, mahali walipopita. Na sisi wenyewe tuanze leo kuandika, katika kurasa za nyuma za daftari hilo, majina ya wafanya kazi wa sehemu yetu waliokufa kazini juu ya reli, tangu yule wa mwisho tunayemkumbuka na kurudi nyuma. Mtu asiyeandika waliokufa jana hana uso wa kumdai Mwingereza waliokufa mwaka wa 1917.

Daftari nimekwisha linunua kwa fedha zangu, hili hapa, la kurasa 200. Jina la kwanza nimeliandika mimi, ni la baba yake babu yangu. Mstari wa pili uko wazi, na kalamu iko mezani kwa Katibu.

Umoja ni nguvu.

(Mashauri yote matatu yalikubaliwa. Daftari liko katika ofisi ya tawi, na wanachama waweza kuandika kila siku baada ya zamu ya asubuhi. – Katibu)